Lijue Baki Kabla ya Kugawa

Tuseme akina mama watatu wamesimama kando ya rundo la ndizi katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Walichanga pesa wakanunua mikungu pamoja, na sasa mwenye lori linaloelekea Nairobi amewapimia bei ya mwisho: shilingi 4,370. Simu wanazo, lakini mikono imejaa utomvu, na anayeujua utomvu wa ndizi anajua kwamba ukishika nguo au kioo cha simu hautoki kwa maji. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuingiza mkono mfukoni.

Mmoja wao anaiangalia ile bei kwa sekunde mbili, kisha anamwambia mnunuzi: "Ongeza kumi, tumalizane." Mnunuzi anatupa sarafu ya kumi juu. Sasa ni 4,380, na kila mama ataondoka na 1,460 kamili, bila ya kutafuta chenji na bila ya mmoja kuahidiwa kwamba "utapata yako kesho".

Mama huyo alijuaje? Alijumlisha tarakimu. Nne, tatu, saba na sufuri ni 14, na 14 haigawanyiki kwa tatu. Akiongeza kumi, tarakimu ya saba inakuwa nane, jumla inafika 15, na 15 inagawanyika kwa tatu. Hakupiga hesabu ya kugawa hata kidogo. Aliuliza swali jepesi zaidi: je, kuna kitakachobaki? Na aliliuliza mnunuzi akiwa bado amesimama mbele yake, wakati kumi bado inaweza kuombwa.

Kanuni haikupi jibu

Kanuni za kugawanyika ni njia za kutambua, kwa kutazama tu, kama nambari fulani itagawanyika kwa nyingine bila baki. Wengi wetu tulizikariri shuleni kwa ajili ya KCPE, mtihani ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtihani ulipokwisha, kanuni nazo zikaaga. Sababu ni kwamba tulipewa orodha: kwa tatu fanya hivi, kwa nne fanya vile. Kitu kilichokaririwa bila sababu hukaa kichwani kama mgeni aliyesimama mlangoni. Hana kiti, kwa hiyo haraka huondoka.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni huu: usijifunze kanuni kumi. Jifunze sababu mbili tatu, na kanuni zitajiunda zenyewe. Ushauri wa pili: usitarajie kanuni ikupe jibu. Kazi yake ni kukupa habari za baki. Kwenye biashara ya pamoja, kwenye chama, hata nyumbani watoto wanapogawana mandazi, jibu la kugawa halimuudhi mtu. Kinachogombanisha ni kile kilichobaki mezani.

Tazama mkia

Sababu ya kwanza: kumi ni mbili mara tano. Kwa hiyo kila kumi, kila mia na kila elfu hugawanyika kwa mbili na kwa tano. Yote hayo yamekwisha kugawanyika kabla hujaanza. Huna haja ya kuyatazama. Kinachobakia kuulizwa ni ile tarakimu ya mwisho peke yake. Ikiwa ni 0, 2, 4, 6 au 8, nambari ni shufwa na mbili inaingia. Ikiwa ni 0 au 5, tano inaingia. Ikiwa ni 0, kumi inaingia.

Chukua nambari rasmi za kaunti zetu: Kisii ni 045, Nyamira ni 046. Mkia wa Kisii unakubali tano, mkia wa Nyamira unakubali mbili. Hujagawa chochote, na tayari unajua.

Nne nayo haiingii katika kumi, lakini inaingia katika mia mara 25. Kwa hiyo mamia yote yaache. Tazama tarakimu mbili za mwisho. Katika 7,316, ishughulikie 16 tu. Inagawanyika kwa nne, basi 7,316 yote inagawanyika. Kwa njia hiyo hiyo unaujua mwaka mrefu: 2028 mkia wake ni 28, kwa hiyo Februari itakuwa na siku 29. Miaka inayoishia na sufuri mbili ndiyo yenye sharti la ziada, kwani lazima igawanyike kwa 400. Ndiyo maana 2000 ulikuwa mwaka mrefu, 1900 haukuwa, na 2100 hautakuwa.

Nane inafuata mkondo uo huo. Inaingia katika elfu mara 125, hivyo unatazama tarakimu tatu za mwisho. Ukiona tarakimu tatu ni nyingi kichwani, zigawe nusu mara tatu: 456, nusu yake 228, nusu tena 114, nusu tena 57. Ukifika mwisho bila nusu ya shilingi kujitokeza, nane imeingia.

Noti, sarafu na kianda

Sababu ya pili ndiyo tamu zaidi, nayo inaeleweka vizuri zaidi kwa pesa kuliko kwa chaki.

Fikiria chama cha watu tisa. Mbele yao iko noti ya mia. Igawe: kila mmoja anapata shilingi 11, zinatoka 99, inabaki shilingi moja. Weka sarafu ya kumi: kila mmoja anapata moja, inabaki moja. Weka noti ya elfu: kila mmoja anapata 111, zinatoka 999, inabaki moja tena. Iwe noti ya elfu, noti ya mia au sarafu ya kumi, kila kipande kinawaachia watu tisa shilingi moja mezani.

Sasa wana shilingi 3,742. Noti tatu za elfu zimeacha shilingi tatu. Noti saba za mia zimeacha saba. Sarafu nne za kumi zimeacha nne. Na zile mbili za mwisho zilikuwa mezani tangu mwanzo. Jumla ni 3 na 7 na 4 na 2, yaani 16. Wapeni tena kila mmoja shilingi moja, zinabaki saba. Hilo ndilo baki halisi la 3,742 ikigawiwa watu tisa. Ukijumlisha tarakimu, kumbe unahesabu shilingi zilizobaki mezani. Hakuna uchawi.

Ukishaona hivyo, kanuni ya tatu inakuja bure. Tisa imeundwa na tatu tatu, kwa hiyo shilingi moja iliyobaki kwa watu tisa itabaki pia kwa watu watatu. Jumla ya tarakimu ikigawanyika kwa tatu, nambari nzima inagawanyika kwa tatu. Ndivyo alivyofanya mama wa Daraja Mbili.

Kuna njia ya kuongeza kasi. Usijumlishe tisa kabisa, itupe. Vivyo hivyo ukiona jozi inayofanya tisa: nne na tano, sita na tatu, saba na mbili, nane na moja. Katika 84,519, tupa 9, tupa 8 na 1, tupa 4 na 5. Hakuna kilichobaki: tisa inaingia. Hata 45 ya Kisii ni nne na tano, na hapo hapo unajua kwamba inagawanyika kwa tisa. Ile 46 ya Nyamira itabakisha moja.

Kwa wanaohesabu kwa Ekegusii, lugha yenyewe inasaidia. Tano ni isano, na sita, saba na nane hutajwa kwa kuongeza juu ya isano: tano na moja, tano na mbili, tano na tatu. Tisa ndiyo yenye jina lake, kianda, ndugu wa lile neno la kale la Kiswahili, kenda. Basi ukitaka kujumlisha saba na nane haraka, sikia walivyohesabu wazee: isano mbili ni kumi, mbili na tatu ni tano, jumla 15. Mtoto anayeambiwa kwamba lugha ya nyanya yake imebeba njia ya mkato ya hesabu ataikumbuka kuliko anayepewa jedwali la kukariri.

Kuunganisha kanuni mbili

Sita ni mbili mara tatu. Nambari ikikubali mbili na ikakubali tatu, sita imeingia. Kumi na mbili ni tatu mara nne. Kumi na tano ni tatu mara tano. Kwa hiyo huhitaji kanuni mpya, unaunganisha za zamani.

Huko Tabaka, wanakochonga mawe laini ya Kisii, mwenye oda ya vinyago 1,236 anayetaka kuvifunga kwa dazeni anaweza kujiuliza kabla ya kutafuta maboksi: mkia ni 36, nne inaingia, tarakimu ni moja, mbili, tatu na sita, jumla 12, tatu inaingia. Basi dazeni zitatoka kamili, nazo ni 103. Mwenye kuku naye, anayepanga mayai kwenye trei za 30, aangalie mambo mawili: nambari iishie na sufuri, na jumla ya tarakimu ikubali tatu. Mayai 1,470 yanapita mitihani yote miwili. Yatajaza trei 49 bila yai kubaki.

Hapa kuna shimo ambamo wengi huanguka. Nambari mbili unazounganisha zisiwe na kigawanyo cha pamoja zaidi ya moja. Usiseme, "Mbili inaingia na sita inaingia, basi kumi na mbili inaingia." Jaribu 18: inakubali mbili, inakubali sita, na inaikataa 12. Ndani ya sita, mbili imekwisha kuwamo. Umemuuliza shahidi mmoja mara mbili ukadhani ni mashahidi wawili.

Kumi na moja, na ile saba sumbufu

Rudi kwenye pesa mezani, safari hii mbele ya watu 11. Tuseme mashabiki wa timu ya soka ya Shabana, wale wa Tore Bobe, wamechanga shilingi 2,838 wawape wachezaji 11 walioanza mechi. Noti ya mia ikigawiwa watu 11 inatoa tisa tisa, inabaki moja. Sarafu ya kumi haitoshi: imepungukiwa na moja. Noti ya elfu nayo imepungukiwa na moja, kwa kuwa 1,001 ndiyo ingetosha kamili. Kwa hiyo tarakimu zinapokezana, moja inabakisha na inayofuata inadai.

Anza kulia: nane inabaki, tatu inadaiwa, nane inabaki, mbili inadaiwa. Nane na nane ni 16. Tatu na mbili ni tano. Toa tano kwenye 16, unapata 11. Imeingia: kila mchezaji ni shilingi 258. Ukipata sufuri, 11 au 22, jibu ni ndiyo. Ukipata kingine, hicho ndicho baki, ila kikizidi 11 toa 11, na kikiwa chini ya sufuri ongeza 11.

Saba haina njia nyepesi kama hizo, na usimwamini anayekwambia ipo. Mwaka 2019 mvulana wa miaka 12 wa asili ya Nigeria, Chika Ofili, mwanafunzi jijini London, alisifiwa kwa njia hii: ondoa tarakimu ya mwisho, izidishe kwa tano, kisha ijumlishe kwenye kilichobaki. Ijaribu kwa kaunti zetu. Jumlisha 45 na 46, unapata 91, nambari ambayo wengi hudhani ni tasa. Ondoa moja, zidisha kwa tano, jumlisha na tisa: 14. Saba inaingia, na kweli 91 ni saba mara 13. Wasimulie watoto habari za mvulana huyo, wajue kwamba kanuni za hesabu hazikuteremka zote na wazee wenye ndevu.

Ila sokoni, kwa saba mimi napendelea kutoa mafungu. Una 1,645? Toa 1,400, inabaki 245. Toa 210, inabaki 35. Imeingia. Njia hii haina jina wala sifa, lakini haisahauliki, na inafaa kwa nambari yoyote, iwe 13 au 17.

Daftari la chama

Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hata yenye daftari hupotea daftari lisipokaguliwa, na hapa ndipo tisa inapolipa ada yake.

Tuseme mkulima wa Nyamira amepeleka kilo 238 za majani ya chai kwa mwezi, na tuseme bei ni shilingi 23 kwa kilo. Karatasi inasema 5,474. Hakiki bila kuzidisha upya. Tarakimu za 238 ni 13, toa tisa, inabaki nne. Za 23 ni tano. Nne mara tano ni 20, tarakimu zake ni mbili. Sasa tazama jibu: tano, nne, saba na nne ni 20, yaani mbili. Zinalingana. Kama karatasi ingesema 5,464, ungepata 19, kisha 10, kisha moja. Moja si mbili. Rudi kwa karani, umwombe kwa heshima arudie hesabu.

Tahadhari: kulingana si hati ya usafi. Kama tarakimu mbili jirani zimebadilishana nafasi, 5,447 badala ya 5,474, jumla ni ile ile na tisa haitaona kosa. Kumi na moja ndiyo itakayoliona, kwa sababu kwake nafasi ya kubaki na nafasi ya kudaiwa si kitu kimoja. Kwa 11, 238 hubakisha saba na 23 hubakisha moja, hivyo jibu sahihi lazima libakishe saba. Ile 5,474 hubakisha saba. Ile 5,447 hubakisha mbili. Umeshalishika kosa. Kwa pesa nyingi tumia zote mbili.

Udhaifu huo wa tisa una faida yake kwa mweka hazina. Daftari likikataa kulingana na pesa zilizomo sandukuni, usianze kusoma kila mstari. Tafuta tofauti kwanza. Ikigawanyika kwa tisa, shuku mambo mawili. La kwanza, tarakimu zimebadilishana: 54 imeandikwa 45, tofauti tisa, 5,474 imeandikwa 5,447, tofauti 27. La pili, sufuri imedondoka: mwanachama alitoa 3,500 ikaandikwa 350. Tofauti ni 3,150, na ukiigawa kwa tisa unapata 350, nambari ile ile iliyoandikwa vibaya. Itafute daftarini. Tofauti isipokubali tisa na ikiwa shufwa, igawe nusu, kisha utafute kiasi hicho: huenda mchango uliandikwa upande wa matumizi. Dakika tano za hesabu hii zinaweza kukuokolea jioni nzima, na zaidi ya jioni, zinaweza kuokoa jina la mtu aliyeanza kushukiwa wizi ilhali kosa lake ni mwandiko wa haraka.

Mazoezi ya wiki mbili

Usizimeze zote usiku mmoja. Siku tatu za kwanza fanya mbili, nne, tano na kumi. Siku nne zinazofuata fanya tisa na tatu tu, maana ndizo utakazotumia maisha yako yote. Wiki ya pili unganisha sita, 12 na 15, kisha uingie 11.

Darasa liko barabarani. Ukiwa ndani ya matatu kutoka Kisii kwenda Keroka, kila gari linalokuja mbele lina nambari ya tarakimu tatu. Kabla halijapita, sema kama linakubali tatu, kisha baki lake kwa tisa. Ukiwa na mtoto, shindaneni, ila mwache aeleze sababu kila anaposhinda. Asiyeweza kusema kwa nini, amebahatisha.

Dukani kuna zoezi jingine. Bidhaa nyingi zilizosajiliwa Kenya zina mistari myeusi yenye tarakimu 13 zinazoanza na 616. Jumlisha tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano, hivyo hivyo hadi ya 13. Jumlisha zilizosalia, uzidishe kwa tatu, kisha uunganishe majumlisho hayo mawili. Jibu lazima liishie na sufuri. Tarakimu ya mwisho iliwekwa makusudi ili mashine ya keshia ijue kama imesoma vibaya. Ni kanuni ya kumi, ile nyepesi kuliko zote, inayofanya kazi mchana kutwa.

Na simu? Itumie. Hakuna sifa katika kuumiza kichwa kutafuta jibu la 8,613 kwa 27. Lakini simu hujibu ulichobonyeza, hata kama ulibonyeza vibaya. Ukiwa unajua mapema kwamba jibu linapaswa kutoka kamili, nalo likatoka na nukta na mkia mrefu, utajua kidole kiliteleza.

Leo jioni fungua daftari lako la chama, ukurasa wa mwezi uliopita, uangalie ile jumla ya kugawana. Ijaribu kwa kanuni inayofaa idadi ya wanachama. Ukiona kwamba mwezi ujao litabaki baki, lipeleke kwenye mkutano kabla pesa hazijafika: liende wapi, kwa nani, kwa zamu gani. Shilingi nne ambazo bado hazijapatikana zinajadiliwa kwa kicheko. Zikishakuwa mezani, kila mtu ana lake la kusema.